Neno Ambalo Elijah Hakuliandika

Filister aliweza kuchapa maneno sitini kwa dakika bila kuangalia vidole vyake. Mwaka wa 1995 alikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali mjini Homa Bay, na meza yangu ilipakana na yake. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona alinisimulia yeye. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili kabla ya kuitoa kwenye mashine. Ofisi nzima hakuna aliyewahi kumpata na kosa la herufi.

Mumewe, Elijah, alikuwa baharini. Wote wawili ni wazaliwa wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, na watu wa kisiwani waliposikia Elijah anafanya kazi kwenye meli walidhani ni meli ya abiria kama zile za ziwani. Haikuwa hiyo. Elijah alikuwa fundi wa pampu katika meli ya gesi. Gesi hiyo hutiwa baridi kali mpaka inageuka kuwa maji, kisha inamiminwa kwenye matenki makubwa kuliko kanisa na kuvushwa bahari. Meli yao ilikuwa ikipakia Algeria na kushusha Ulaya, mara nyingine Marekani.

Aliyempeleka huko ni rafiki yake, Joash Mirumbe, Mkuria wa Isebania, mpakani na Tanzania. Walisoma ufundi pamoja Mombasa. Mirumbe alitangulia kupata kazi kwenye meli hizo, akamvuta Elijah, kisha baada ya miaka mitatu akaacha kazi ghafla na kurudi kwao. Kwa nini aliacha, Elijah hakumwambia mkewe. Alimwambia tu kwamba siku akikwama na jambo la meli, Mirumbe anapatikana pale mpakani, akibadilisha pesa.

Barua za Elijah zilikuja karibu kila mwezi. Aliandika Kijaluo, lakini mambo mengi ya meli ile hayana jina kwa Kijaluo, kwa hiyo aliyaacha kwa Kiingereza kama alivyoyasikia. Filister alikijua Kiingereza cha ofisi, kile cha kuomba ruhusa na kuambatisha nakala. Kiingereza cha meli ya gesi kilikuwa kingine kabisa.

Mwezi wa pili ilikuja barua iliyosema, "Sasa tunarudi Algeria bila mzigo, tumebaki na heel tu." Filister alijua heel ni kisigino. Alisoma mstari huo hata akaukariri, asielewe ni kisigino cha nani na kimefanyaje. Mwisho alimwuliza Mwalimu Ondieki, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akileta karatasi za mitihani zichapwe, na ambaye alikuwa na kamusi nene nyumbani. Kesho yake Mwalimu alikuja nayo chini ya kwapa.

"Kisigino," alisema. "Ama kisigino cha kiatu. Lakini hapa chini wameandika pia habari ya meli. Meli iki-heel, inalala upande mmoja."

"Inalala vipi, Mwalimu?"

"Inainama, Madam. Kama mtumbwi ukibeba watu wengi upande mmoja."

Mwalimu alisema hivyo bila nia mbaya, akachukua mitihani yake akaenda. Filister alibaki akiangalia ukuta. Kwa wiki mbili aliishi na meli iliyoinama. Mtu wa kisiwani anajua mtumbwi ukishainama kinachofuata ni nini.

Mwezi wa tatu ikaja nyingine. Elijah alieleza kwamba boil-off ya safari ile ilikuwa kubwa, lakini hakuna shida kwa sababu injini ndiyo inaila. Mwalimu Ondieki alipekua kamusi, akakuta kuchemka, akatafakari, akasema labda ni kuchemka mpaka kufurika, kama uji. Filister alinigeukia. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama gesi inaweza kufurika karibu na injini yenye moto na watu wakaendelea kuandika barua. Kuanzia siku hiyo aliacha kula chakula cha mchana. Alikuwa anafungua bakuli lake, anaangalia, anafunga.

Nilimwambia, "Si umwandikie umwulize?"

"Barua inachukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi," alisema. "Na nikimwuliza atajua naogopa. Mtu akifanya kazi kama hiyo hafai kujua mkewe anaogopa."

Barua iliyoleta mambo yenyewe ilifika Jumatano, tarehe kumi na saba mwezi wa tano. Baadaye alinipa niisome, kwa hiyo naigeuza hapa kwa Kiswahili karibu neno kwa neno.

"Mama Lorine, mimi ni mzima. Tumetia nanga tangu Pasaka tukingoja kazi, na sasa kazi imepatikana. Laycan ni tarehe ishirini na mbili mpaka ishirini na nne. Tukiikosa wanaweza ku-cancel. Shida ni kwamba pampu ya tenki nambari tatu imekufa, na ofisa mkuu, yule msaidizi wa kapteni, anataka haraka. Tutafanya warm-up, halafu inert, halafu entry, mimi na mwenzangu, tubadilishe hiyo pampu. Kisha cooldown, twende kupakia. Nafikiri kufikia tarehe kumi na tisa ama ishirini tutakuwa ndani. Mwambie Lorine nimemnunulia viatu."

Neno lililomshika Filister ni cancel. Kazini kwetu cheki ikifutwa inapigwa mistari miwili ya wino mwekundu, na basi. Alifikiri meli nzima itafutwa namna hiyo, na waliomo ndani. Laycan haikuwa kwenye kamusi ya Mwalimu. Kule kutokuwemo kulimtisha kuliko maneno yaliyokuwemo.

Aliomba ruhusa ya siku moja. Lorine, binti yao aliyekuwa na miaka sita, akamwacha kwangu. Alhamisi alitoka Homa Bay kungali baridi, akapitia Rongo na Migori, na kabla ya saa sita alikuwa amesimama Isebania, kwenye vumbi la malori, akiuliza watu wa kubadilisha pesa yupi kati yao ni Mirumbe.

Mirumbe alikuwa mtu mnene, mcheshi, ameketi kwenye benchi karibu na kizuizi cha forodha, shilingi za Kenya kwenye mfuko mmoja wa koti na za Tanzania kwenye mwingine. Mkono wake wa kushoto vidole viwili vilikuwa vimekatika nchani. Alipojua aliyekuja ni nani, alisimama.

"Shemeji. Elijah ako sawa?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuuliza," alisema Filister.

Wakaingia hoteli ndogo ng'ambo ya barabara. Mirumbe aliagiza chai na chapati, naye Filister akatoa barua zote tatu kwenye mkoba. Kwa kuwa Mirumbe hakujua Kijaluo, Filister alisoma akifasiri mstari kwa mstari. Alipofika kwenye heel na meli iliyoinama, Mirumbe alicheka mpaka akafuta macho.

"Pole, shemeji. Hiyo si kuinama. Mama yangu hapa Bukuria hamalizi maziwa yote kwa kibuyu. Anaacha kidogo chini, kibuyu kisikauke, maziwa mapya yakija yapate mahali pamezoea. Hata meli inaacha gesi kidogo chini ya tenki, tenki ibaki baridi. Ukimwaga gesi baridi namna hiyo kwa chuma yenye joto, chuma inapasuka. Hicho kidogo kinachobaki ndicho wanaita heel."

"Na kuchemka?"

"Wewe ni wa ziwani. Ukituma samaki na barafu mpaka Nairobi, barafu inafika yote?"

"Nyingine inayeyuka."

"Basi. Gesi nayo njiani inarudi kuwa hewa pole pole. Hiyo ndiyo boil-off. Huwezi kuizuia. Badala ya kuitupa, wanaipeleka kwa boila ichomwe, isukume meli. Meli inakula mzigo wake mwenyewe ikitembea."

Filister aliniambia kwamba hapo ndipo aliposikia njaa, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Alikata kipande cha chapati. Mirumbe alimwonyesha kwa kidevu msururu wa malori yaliyongoja kuvuka kwenda Sirare, upande wa Tanzania. Akasema meli ni vile vile. Mwenye gesi na mwenye meli hupatana siku ambazo meli lazima ijitokeze bandarini, na siku hizo ndizo laycan. Ikija mapema, inangoja. Ikichelewa, mwenye gesi ana ruhusa ya kuvunja mapatano.

"Kwa hivyo wanafuta nini?"

"Karatasi, shemeji. Hawafuti watu. Kula chapati."

Alikula. Aliendelea kusoma barua ya mwisho kwa sauti nyepesi, kama mtu anayemalizia kazi, mpaka akafika kwenye salamu za Lorine. Alipoinua macho, Mirumbe hakuwa akicheka tena.

"Rudia pale kwa pampu," alisema. "Pole pole."

Alirudia. Warm-up, halafu inert, halafu entry.

"Katikati ya inert na entry hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Haujaruka mstari?"

"Mimi siruki mistari," alisema Filister.

Mirumbe alisukuma kikombe pembeni. Alieleza akiangalia meza. Kabla ya mtu kuingia tenki, kwanza tenki inapashwa joto. Halafu inajazwa hewa iliyokufa, ndiyo hiyo wanaita inert, ili mabaki ya gesi yasishike moto. Ndani ya hewa hiyo moto hauwezi kuishi.

"Na mtu?" Filister aliuliza.

"Hata mtu. Haina harufu, haina rangi. Unavuta mara mbili, tatu, basi. Ndiyo maana baada ya inert lazima kuwe na neno lingine. Aerate. Wanapuliza hewa safi ndani siku nzima ama mbili, halafu wanapima juu, katikati na chini, mpaka oksijeni ifike ishirini na moja kwa mia, kama hii tunavuta hapa. Hapo ndipo mtu anaingia. Elijah hajaandika aerate."

"Labda amesahau tu kuandika."

"Labda. Mtu akiandikia bibi anaruka mengi." Aliigonga barua kwa kidole. "Lakini ameandika pia ofisa anataka haraka."

Kisha akamwambia Filister kwa nini aliacha meli. Watu wote walidhani ni kwa sababu ya vidole, ambavyo vilichomwa na baridi ya bomba. Vidole vilikuwa kitu kidogo. Siku moja yeye alikuwa ameshika kamba juu ya sitaha, na mwenzake mmoja, Mhindonesia, akateremka ngazi ndani ya tenki. Hakupiga kelele. Alifika ngazi ya nane au ya tisa akakaa, kama mtu aliyechoka anapumzika, halafu akaachia. Kumbe aliyepima alikuwa amepima juu peke yake.

"Leo ni tarehe ngapi?" Mirumbe aliuliza, ingawa alijua.

"Kumi na nane."

Simu za Isebania zilikuwa zimekufa tangu Jumatatu. Mirumbe alimwachia mwenzake benchi na pesa za mifuko yote miwili, wakarudi Migori pamoja. Ilipofika saa tisa na nusu walikuwa wamefika posta.

Kwanza walipiga simu Mombasa, kwa wakala aliyemwandika Elijah kazi. Walisubiri laini karibu nusu saa. Aliyepokea alikuwa msichana wa ofisi. Bosi ametoka, alisema. Kuhusu meli hiyo hakuna ripoti yoyote, na wao hawaingilii kazi za ndani ya meli. Mirumbe alimwomba apeleke ujumbe wa haraka. Msichana akasema ataandika kwenye kitabu cha Ijumaa, bosi ataona.

"Tutume telegramu moja kwa moja kwa meli," Mirumbe alisema. "Inaenda mpaka redio ya Mombasa, wao wanairusha baharini."

Karani wa telegramu, aliyeitwa Mellen, hakuwa ametuma telegramu ya meli maisha yake yote. Alitoa kitabu kikubwa chini ya kaunta, akapekua kurasa zilizoshikana, huku Filister akiangalia saa ya ukutani. Mwisho akaipata, akawapa fomu. Hapo ndipo Mirumbe aliposita na kalamu mkononi.

"Tunaandika kwa nani? Tukiandika kwa Elijah, ataona haya. Ataiweka mfukoni aseme hawa watu wa nyumbani wananiaibisha. Tukiandika kwa kapteni, lazima aiandike kwa kitabu cha meli, na ikishaandikwa hapo hawawezi kujifanya hawakuiona."

"Basi andika kwa kapteni."

"Shemeji, sikia vizuri. Fundi ambaye bibi yake anaandikia kapteni, hiyo meli haitamtaka tena. Na hata zingine zitasikia. Pengine wameshapuliza hewa zamani, na sisi tunamharibia mtu kazi bure."

Filister aliniambia kwamba alisimama pale akisikia mihuri ikigongwa kwenye kaunta ya pili, na hakuweza kufikiria chochote isipokuwa mtu aliyekaa kwenye ngazi kama anayepumzika. Aliichukua kalamu kutoka kwa Mirumbe. Mirumbe akataja maneno, yeye akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kapteni ahakikishe tenki nambari tatu ime-aerate kabla ya mtu kuingia. Oksijeni ipimwe chini kabisa. Ajibu.

"Weka jina langu hapo mwisho," Mirumbe alisema.

"Hapana. Wewe ushaacha kazi yao. Watauliza huyu ni nani." Akaandika, FILISTER, MKE WA FUNDI WA PAMPU, kwa Kiingereza kama yale mengine.

Mellen alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu, akasimama kwenye moja.

"Hii aerate ni neno kweli? Haikuwa ni operate? Kukiwa na makosa watasema ni mimi."

"Ni neno."

"Mimi sijawahi kuliona, madam."

"Hata mimi nimelijua leo," alisema Filister. "A, E, R, A, T, E. Tafadhali, ukiwasomea Mombasa, wasomee herufi moja moja. Na wao wakurudishie."

Mellen alimwangalia, kisha akafanya hivyo. Filister alisimama kwenye kaunta mpaka herufi ya mwisho iliporudishwa. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

Ijumaa alikuja kazini kama kawaida. Hakuna jibu. Jumamosi, tarehe ishirini, alikuja nyumbani kwangu kufua nguo zangu, nguo ambazo hazikuwa chafu, kwa sababu zake alikuwa amezimaliza. Jumapili tulienda kanisani, na wakati wa maombi ya wagonjwa na wasafiri nilimwona ameinama lakini macho yako wazi. Jumatatu alichapa barua ya mkubwa wetu akaandika tarehe vibaya, akaichapa tena akaruka aya nzima. Mkubwa aliileta karatasi ile hadi mezani akaiweka taratibu, akaenda zake. Nadhani huyo naye aliingiwa na hofu.

Nilimwambia kukosa habari ni habari njema. Akaniambia nisiseme hivyo tena.

Jumanne asubuhi tarishi wa posta alileta kikaratasi. Kilisema Filister apige simu Mombasa kwa wakala, upesi. Hakukuwa na jambo lingine. Tulitembea pamoja mpaka posta, mita mia nne hivi, na katika mita hizo mia nne alisimama mara mbili kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Ndani ya kibanda cha simu aliniachia mlango wazi, nikawa nasikia.

Safari hii aliyepokea alikuwa bosi mwenyewe.

"Wewe ndiye ulimtumia kapteni telegramu?"

"Ni mimi."

"Mama, unajua umefanya nini? Kapteni amesimamisha kazi siku mbili. Meli haiwezi tena kufika kwa wakati, wenye gesi wamevunja mapatano, wamechukua meli ingine. Wenye meli wananipigia mimi simu kutoka Ulaya wakiuliza ni mafundi gani hawa ninawapelekea, ambao mabibi zao—"

"Elijah yuko hai?" Filister aliuliza.

"Nini?"

"Nauliza kama Elijah yuko hai."

"Yuko hai. Kwani nani amesema amekufa?"

Filister akaweka simu chini wakati mtu yule bado anazungumza. Alitoka, akaketi kwenye ngazi za posta, watu wakawa wanampita kulia na kushoto. Nilidhani analia. Hakuwa analia. Aliniambia, "Yuko hai. Ngoja tukae kidogo." Tulikaa pale mpaka jua likatufikia.

Elijah alirudi mwezi wa nane. Mkataba wake ulikuwa na miezi saba mbele, lakini walimwambia umekwisha. Alileta viatu vya Lorine, redio, na uso ambao Filister hakuwa ameuona kabla. Siku ya tatu ndipo aliposema.

"Ulimwandikia kapteni. Haukuniandikia mimi."

"Ningekuandikia wewe ungefanya nini?"

"Ningeshughulikia kama mwanamume. Unajua walikuwa wananiitaje? Hata mpishi. Walikuwa wananiita Mke wa Fundi. Ulifikiri sijui kazi yangu?"

"Haukuandika neno lile."

"Barua si kitabu cha meli, Mama Lorine. Nilikuwa naandikia bibi yangu."

Filister alijua hilo ni kweli. Akamwuliza kama hewa ilikuwa safi, kama walipima, na walipata nini. Elijah alisema kila kitu kilikuwa sawa, akatoka nje. Kila alipouliza tena alipata jibu hilo hilo. Ikawa Filister anaamka kila asubuhi bila kujua kama alimwokoa mumewe au alimharibia maisha. Elijah alizunguka akitafuta kazi Kisumu, akarudi. Akatafuta Migori kwenye karakana, akarudi. Filister aliniambia siku moja kwamba hofu ya mwezi wa tano ilikuwa rahisi, kwa sababu ilikuwa na tarehe. Hii ya sasa haikuwa na tarehe.

Krismasi ya mwaka huo Mirumbe aliwaalika Isebania. Elijah hakutaka kwenda, lakini Mirumbe ndiye aliyemwingiza kwenye meli enzi zile, na mtu hakatai mwaliko wa mtu kama huyo. Baada ya kula wanaume wawili walikaa barazani. Kwa kuwa mmoja ni Mkuria na mwingine hakijui Kikuria, walizungumza Kiswahili, na Filister, aliyekuwa ndani akisaidia mke wa Mirumbe kupanga vyombo, alisikia kila neno.

"Mlipima chini?" Mirumbe aliuliza.

Kiti kililia. Filister alidhani Elijah ameondoka.

"Tulipima," Elijah alisema. "Baada ya telegramu kapteni mwenyewe alikuja kusimama pale. Juu ilikuwa ishirini na moja. Katikati kumi na tisa."

"Na chini?"

"Tisa."

"Tisa," Mirumbe alisema.

"Walikuwa wamepuliza usiku mmoja tu. Ofisa alipima juu peke yake, akasaini karatasi ya kuingia. Hata mimi nilikuwa nimesaini. Tulikuwa tuingie Jumamosi asubuhi baada ya chai."

"Nani angetangulia?"

"Mimi."

Filister alikuwa ameshika sahani sita. Aliziweka chini moja moja, ili zisilie. Halafu akamwomba mke wa Mirumbe maji, akanywa kikombe kizima amesimama.

Walipokuwa wakirudi, gari lao liliharibika karibu na Migori, wakashuka wakangoja kando ya barabara. Hapo Filister akamwambia amesikia.

Elijah aliangalia mashamba ya tumbaku. "Sikutaka ujue. Nilijua utaogopa."

"Nimekuwa nikiogopa tangu mwezi wa pili," alisema Filister. "Kilichonishinda si kuogopa. Ni kuogopa peke yangu."

Elijah hakusema samahani, wala hakusema asante. Lakini alianza kumweleza. Alieleza pale kando ya barabara, na baadaye nyumbani, wiki nzima, meli yote kutoka mbele hadi nyuma: jinsi mabomba yanavyoshikwa na barafu nyeupe kwenye jua kali, jinsi wanavyoyaunganisha na mikono ya chuma ya bandarini, jinsi tenki linavyolia likianza kupoa. Filister alisikiliza, na neno asilolijua aliuliza hapo hapo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Elijah alipata kazi hapo hapo Homa Bay, kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara mmoja wa samaki. Mashine za baridi ni ndugu wa zile alizozijua, ingawa ndogo mno, na mshahara nao ulikuwa mdogo. Alilalamika mwaka mzima, kisha akaacha kulalamika.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo Filister alitoka ofisini saa sita akaenda kumwona. Nilienda naye. Chumba kilikuwa na mlango mnene wa chuma, na ndani makreti ya sangara yamepangwa hadi darini. Elijah alimwonyesha kompresa, mita, matundu ya hewa. Filister aliitikia kwa kichwa kila kitu, kisha akauliza, "Huu mlango unafunguka kwa ndani?"

"Unafunguka."

"Nionyeshe."

Elijah aliniangalia, nikaangalia makreti. Akavuta mlango, ukafungwa kwa kishindo, tukawa sisi watatu gizani, pumzi zetu zikisikika. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba nikamsikia Filister akisema, "Haya," na Elijah akasukuma, mlango ukafunguka.